Kabla hujaulizwa programu yako iliamuaje

Aliyetukurupusha hakuwa mwanasheria. Alikuwa mtu aliyeomba kazi kwetu akakosa, akatuandikia mstari mmoja: "Naomba kujua ni nani aliyesoma maombi yangu." Tukabaki kutazamana. Hakuna aliyeyasoma. Programu ilimpa alama 41 kati ya 100, ikamtupa nje, basi. Tulipomuuliza aliyetuuzia programu kwamba hiyo 41 imetoka wapi, akatutumia kipeperushi cha matangazo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria za akili mnemba, ambazo siku zote nilidhani ni za wanaounda programu tu. Kumbe sivyo. Ile ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza rasmi tarehe 1 Agosti 2024, inamgusa hata anayetumia, na hata aliye nje ya Ulaya kama matokeo ya mfumo wake yanatumika huko. Kinachoangaliwa ni kazi unayoipa programu. Kunyoosha lugha ya barua hakuna neno. Kuchuja waombaji kazi au kupima nani akopesheke kumo kwenye kundi la hatari kubwa. Kusoma hisia za wafanyakazi kazini kumepigwa marufuku tangu Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama. Ukivunja marufuku, faini inaweza kufika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo yako ya mwaka duniani kote. (Biashara ndogo hutazamwa kwa kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, lakini usilalie hilo.)

Ushauri wangu: usikimbilie mshauri wa kulipwa. Pita meza kwa meza uulize watu wanatumia programu gani za akili mnemba. Sisi tulijua tuna programu tatu. Tukakuta kumi na moja, mojawapo kwenye akaunti binafsi ya mhasibu, ambaye alikuwa akibandika humo orodha nzima ya wadaiwa wetu. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumkataza.

Kisha mbane muuzaji kabla hujalipa: mfumo unaamua kwa vigezo gani, kumbukumbu zinatunzwa muda gani, nani anajibu mambo yakiharibika? Akianza kuzungukazunguka, achana naye. Sisi tuliachana na wetu. Sasa yupo mtu mwenye mamlaka ya kuipinga alama ya programu, na ndiyo, kuajiri kunachukua muda zaidi.

Yale maombi tuliyasoma upya. Alikuwa ameifanya kazi ileile miaka sita, ila cheo chake kilikuwa na jina tofauti na la kwetu.