Jiwe la sentimita 3: tundu la mgongoni si la kuogopa, sonda inayoachwa ndani ndiyo ya kuulizia

Yaya, umeuliza kama papa yako, mwenye jiwe la sentimita 3 kwenye figo ya kushoto, akubali kutobolewa mgongoni ili litolewe, au aendelee kwanza na dawa za majani. Mimi ni dereva wa njia ya Lubumbashi–Kasumbalesa. Langu lilikuwa kubwa kuliko hilo, na nilitobolewa.

Jiwe la ukubwa huo halitoki kwa mkojo. Mrija wa kutoka figo kwenda kibofu una upana wa milimita chache tu. Majani yatamkojoza papa sana, jiwe litabaki palepale. Hata ile mashine ya mawimbi ya kuvunja mawe kutoka nje, likipita sentimita 2 madaktari hawaikimbilii, maana vipande hubaki au huziba njia.

Sasa lile tundu. Unalazwa usingizi, figo inajazwa dawa inayoonekana kwenye redio (picha ya eksirei), kisha unageuzwa kifudifudi. Sindano inapita mgongoni kando ya mbavu huku dokta akiangalia picha, halafu njia inapanuliwa hadi karibu sentimita 1. Hapo ndipo inapita kamera na chombo cha kuvunjavunja jiwe, vipande vinavutwa nje. Njia hii ilitangazwa na madaktari wa Sweden mwaka 1976, kwa hiyo anayewaambia ni majaribio mwacheni aseme. Kovu langu nalifunika kwa kidole gumba. Mjomba wangu, aliyepasuliwa zamani kwa ugonjwa huohuo, ana mshono unaozunguka ubavu mzima.

Baada ya operesheni, mfuko wa plastiki wa kukusanyia mkojo utawatisha. Wangu ulikuwa mwekundu kama bisapu, mke wangu akaanza kulia, nesi akautazama na kuendelea na kazi yake. Ulififia. Usipofifia, au yakitoka mabonge ya damu, iteni dokta.

Mimi naogopa homa kuliko damu. Jiwe kubwa hufuga vijidudu, na likivunjwa vinaweza kuingia kwenye damu. Papa asiingie chumba cha operesheni bila majibu ya ECBU, kipimo cha kutafuta vijidudu kwenye mkojo, na kama kuna vijidudu atibiwe kwanza. Akiwa anakunywa aspirini au dawa yoyote ya kupunguza kuganda kwa damu, aiseme mapema, asiikate mwenyewe.

Halafu sonda JJ, mrija mwembamba wa kupitisha mkojo. Inakaa ndani, toka figo hadi kibofu, kwa nje huioni. Mara nyingi wanaiacha baada ya operesheni, na inasumbua: unataka kukojoa kila saa, ubavu unauma ukikojoa. Wetu wengi wanafanyiwa India au Afrika Kusini, wanarudi Lubumbashi nayo, maumivu yakipungua wanaisahau. Mwenzetu mmoja wa parking aliisahau, ikaota mawe yake yenyewe, akarudi mezani. Inatakiwa itoke ndani ya majuma, au miezi michache kadiri dokta atakavyopanga, na kuitoa kwa kamera ya njia ya mkojo ni jambo la dakika. Kabla papa hajasafiri, jueni nani hapa ataitoa na lini, na muulize kama bei inahesabu hilo pamoja na kurudia kazi vipande vikibaki.

Vipande waombeni wavipime, maana mawe hurudi, na kinga inategemea aina. Kunywa maji kunafaa kwa aina zote, ingawa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa mwezi wa Oktoba nani anataka kunywa akatafute choo?

Tuwekee hapa majibu ya skana na kreatinini yake (kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi). Figo ya kulia ikoje?