Jani litakudanganya, tazama kikonyo

Mkuu, umeuliza hivi: umepata filodendroni, lile pambo la jamii ya magimbi, yenye jani refu jembamba, lenye masikio mawili kwenye kitako. Aliyekuuzia anaapa ni Philodendron spiritus-sancti, rafiki yako anasema ni spishi nyingine, billietiae, na wewe hujui uandike nini kwenye kibao. Picha uliyoweka ni ya jani moja, tena kwa mbele tu. Kwa picha hiyo mimi sitaji jina, na atakayelitaja usimwamini haraka.

Nina sababu. Niliwahi kununua kimche cha majani manne ya mahameli, rangi ya shaba iliyokoza, nikaambiwa ni filodendroni ya spishi melanochrysum. Nikakijengea nguzo ya kukwea, nikakaa kusubiri majani marefu kama mkono. Mwaka mmoja na nusu ukapita, jani halijazidi kiganja, na mishipa yake haijapauka hata kidogo. Kumbe nililea spishi nyingine, hederaceum, lile umbo la uchanga ambalo wauzaji huliita micans. Mmea wenyewe naupenda mpaka leo, lakini ile nguzo niliing'oa kwa hasira.

Filodendroni hubadilika sana zikikua, na mtego huo umewanasa hata wasomi. Melanochrysum yenyewe ilitangazwa na wataalamu wa mimea Linden na André mwaka 1873 kwa mmea ulio mchanga. Baadaye mmea uliokomaa wa spishi hiyohiyo ukapewa jina jingine, andreanum, kana kwamba ni mgeni kabisa. Ikachukua muda watu kugundua kuwa ni yuleyule, mtoto na mtu mzima. Kwa hiyo swali la kwanza si jani lako linafanana na nini, ni mmea wako una umri gani.

Sasa kikonyo. Hapa ndipo mimi huanzia, maana jani hubadilika na mwanga, mbolea na umri, ila kikonyo kina msimamo. Kikate kwa mawazo, au ukishike kwa vidole viwili ukizungushe: ni mviringo kamili, kina mfereji juu, au kina kingo mbili kali? Kuna nywele au magamba? Spishi mbili, squamiferum na pedatum, kwa mfano, ukiangalia majani yaliyopasuka-pasuka unaweza kukesha, lakini squamiferum ina manyoya mekundu kwenye kikonyo na pedatum ni laini. Plowmanii nayo ina kingo zilizokunjamana kama pindo la gauni, na bado imeuzwa miaka mingi kwa jina la spishi nyingine, mamei. Mtu akipapasa tu kikonyo, ugomvi huo huisha.

Kwa hao wako wa masikio marefu, billietiae hujitangaza yenyewe: kikonyo chake huwa na manjano yanayoelekea rangi ya chungwa. Spishi ya tatu, atabapoense, ambaye hamjamtaja na mimi namshuku zaidi, geuza jani uangalie mgongo wake. Huwa mwekundu wa damu ya mzee. Spiritus-sancti ni jani refu mno kwa upana wake, linaning'inia, na masikio yake ni marefu kuliko unavyotarajia. Asili yake ni jimbo moja tu la Brazili, Espírito Santo, ndiko jina la Roho Mtakatifu lilikotoka, si utakatifu wa mmea. Porini imebaki mimea michache mno. Mtaalamu wa mimea Bunting aliitangaza mwaka 1987. Siku hizi maabara huizalisha kwenye chupa, kwa hiyo kuipata si muujiza tena, lakini na machotara yake yamejaa. Chotara mchanga wa spiritus-sancti na billietiae kwangu mimi hafai kuhukumiwa kabla hajatoa majani mengi ya ukubwa wa kweli.

Angalia pia pingili: zimeachana au zimebanana? Shina linakwea au linatambaa chini? Na lile ganda linalofunika jani changa, hudondoka likiwa bichi au hukauka na kubaki nyuzinyuzi shinani? Ukibahatika kupata ua, usilistaajabie tu. Lifungue ulipige picha ndani, kisha ulihifadhi kwenye spiriti. Wataalamu wa jamii hii ya magimbi huhesabu vyumba vya ovari, kile kifuko cha mbegu, na viini vilivyomo, na hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa. Ua hilo halikai wazi siku nyingi, kwa hiyo uwe tayari.

Kuhusu kuandika jina, watu huchanganya mambo mawili. Jina la Kilatini ni la spishi, nalo lazima litangazwe rasmi pamoja na sampuli iliyokaushwa na kutunzwa. Aina iliyochaguliwa na wakulima huwekwa kwenye alama moja-moja za kunukuu, kama 'Pink Princess', na tangu 1959 haitakiwi kupewa jina jipya la Kilatini. Majina ya sokoni yasiyo huku wala kule yachukulie kama lakabu. Kwa miongo watu walilima mmea kwa jina la hastatum mpaka Bunting alipoutenga mwaka 1966 na kuuita domesticum, na bado kuna vibao vya zamani vinavyobisha.

Ukikosa uhakika, andika "Philodendron sp.", yaani spishi haijajulikana, kisha uliipata kwa nani, lini, na alisema imetoka wapi. Ukidhani inakaribia billietiae lakini si yenyewe, andika "aff. billietiae", yaani jamaa wa karibu wa billietiae. Si aibu. Billietiae yenyewe ilikusanywa Guyana ya Ufaransa mwaka 1981, na mtaalamu wa mimea Thomas Croat akaitangaza mwaka 1995. Miaka yote hiyo kati ilikuwa mmea usio na jina. Aibu ni kukata vipande na kuwauzia wenzako spiritus-sancti usiyoijua.

Sasa nipigie picha nne: kikonyo kwa karibu, mgongo wa jani, pingili, na mmea wote ukiwa na rula pembeni. Na umwulize muuzaji kama mmea mama, ulikotoka wako, bado anao.