Giza la nyuma huanzia kwenye mikoko

Vijana wanaoanza kupiga picha za wanyama hapa Bagamoyo karibu wote huniuliza swali moja: "Kaka, ile nyeusi ya nyuma unaiwekaje kwenye kompyuta?" Wananionyesha kwenye simu picha ya ndege au ya simba iliyokaa kama mchoro. Mnyama anajitokeza kutoka gizani, jicho linang'aa, kila unyoya unahesabika. Wanaamini kuna kitufe. Nami niliamini hivyo miaka yangu mitatu ya kwanza, ndiyo maana picha zangu za wakati ule zina ukingo mweupe kuzunguka mgongo wa kila mnyama, kana kwamba amekatwa kwa mkasi akabandikwa.

Giza lile hutafutwa kwa macho, kabla kamera haijatoka mfukoni. Unatafuta mnyama aliyepigwa na jua, na nyuma yake pawe kivuli. Jicho lako linaona vyote viwili kwa pamoja, lakini kamera haina uwezo huo wote. Ukipima mwanga wa mnyama, kivuli cha nyuma huzama chenyewe mpaka kikawa cheusi. Ukilikuta hilo uwandani, kwenye kompyuta utakuwa na kazi ya dakika kumi. Usipolikuta, utahangaika usiku mzima na bado ule ukingo utaonekana.

Kwa hiyo usianze na simba. Anza na yangeyange, yule ndege mweupe, wa pwani ya Kaole, hapa karibu na mji.

Nenda jioni, maji yakiwa yamepwa. Jua linashuka upande wa bara, nyuma ya mikoko, kwa hiyo upande wa mikoko unaotazama bahari umeshaingia kivulini. Wewe ipe bahari mgongo, ulale kwenye mchanga au tope, lenzi iwe sawa na jicho la ndege. Yangeyange anayewinda kwenye dimbwi, mbele kidogo ya pale kivuli cha miti kinapoishia, jua linampata kwa juu na kwa nyuma. Manyoya ya kingoni yanawaka kama uzi wa fedha, na nyuma yake hakuna kitu ila giza la mikoko. Nimewapeleka watu wengi pale, na karibu kila mmoja amenyamaza alipotazama kioo cha kamera kwa mara ya kwanza.

Lakini yajue maji. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na ile jioni unayoitaka yanakuwa yamejaa hadi kwenye mizizi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndipo yanapopwa alasiri. Hayaendi mbali sana, ila kwa kazi hii panatosha. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukikosa kuelewa, muulize mvuvi yeyote pale sokoni kwenye samaki, atakueleza vizuri kuliko programu ya simu.

Yajue na mapito ya jua. Huku kwetu jua hupanda na kushuka karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu hudumu kidogo. Hesabu muda wa saa moja tu asubuhi baada ya jua kuchomoza, na mwingine kama huo jioni kabla halijazama. Jua likishapanda juu, piga picha za kumbukumbu ukitaka, lakini kivuli kitakuwa kimeangukia kwenye macho ya mnyama, na picha ya sura isiyo na macho haina uhai.

Sasa tuje kwenye kupima mwanga, maana hapa ndipo ninapoona picha nyingi zinaharibika. Mita ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya wastani, ya kijivu. Yangeyange akiijaza fremu, kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, na ndege anatoka wa kijivu. Hapo unaongeza hatua moja ya mwanga kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kunguru mweusi akiijaza fremu, mambo ni kinyume: kamera inamwangaza, anatoka wa kijivu mwenye chenga, nawe unapunguza. Kanuni hii inafundishwa kila mahali na ni sahihi. Basi mwanafunzi anakwenda nayo Kaole, anaongeza hatua moja kwa sababu ndege ni mweupe, na anarudi na ndege aliyeungua kabisa, hana hata unyoya mmoja unaoonekana.

Kosa liko wapi? Yangeyange yule hakuijaza fremu. Robo tatu ya picha ilikuwa mikoko yenye giza, kamera ikapima giza, ikaongeza mwanga yenyewe, naye akaongeza mwingine juu yake. Pale unatakiwa upunguze, hatua moja, wakati mwingine mbili. Usiangalie rangi ya mnyama peke yake, angalia nini kimetawala fremu. Kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, giza likiwa kushoto na weupe kulia: ikigonga ukuta wa kulia, weupe umeungua na hakuna programu itakayokurudishia. Giza la kushoto likigonga ukuta, liache, ndilo ulilolifuata.

Mazoezi hayo fanyia hapahapa mjini. Kunguru wa soko la samaki, hawa ambao asili yao ni India, hawana haya, wanakuachia ukae hatua nne kutoka walipo. Mtu akiweza kupiga sura ya kunguru mpaka ule mng'ao wa zambarau wa bawa uonekane bila chenga, nyati hatamsumbua.

Saadani ni hatua ya baadaye. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na katika hifadhi za taifa za Tanzania bara ndiyo inayogusa bahari. Huruhusiwi kushuka kwenye gari popote upendapo, kwa hiyo ule ulalaji wa kwenye tope haupo. Watu hukimbilia kusimama kwenye paa lililo wazi, na huko juu mnyama anaonekana mfupi, amezungukwa na majani. Mimi hukaa kwenye dirisha. Mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharage unaegemezwa mlangoni, lenzi inalala juu yake, na dereva anaombwa azime injini, maana mtetemo wake unaonekana kwenye picha. Kwa lenzi ya milimita 400 usishuke chini ya shata ya 1/500 ya sekunde mpaka uwe na hakika na mkono wako. Kuro, yule swala mkubwa, ni mwalimu mzuri wa kuanzia, husimama akikutazama. Mngoje afike mbele ya kichaka kilicho kivulini. Usimfuate yeye, chagua kichaka kwanza.

Ukifika Madete, ufukwe wa hukohuko Saadani, usiku wakati kasa wanapanda kutaga, taa na flashi zikae mfukoni. Vifaranga huufuata upande wenye mwanga zaidi kutafuta bahari, na taa yako inawapeleka nchi kavu. Hakuna picha inayostahili hilo.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Nick Brandt, ambaye sura zake za tembo na simba wa Afrika Mashariki zimetundikwa kuta nyingi duniani, alizipiga kwa Pentax ya filamu bila lenzi ndefu, kwa kungoja. Ninachowaonya ni unyevu. Mwaka wangu wa pili niliacha lenzi kabatini masika yote, nilipoitoa ilikuwa na utando wa ukungu ndani ya kioo, matawi matawi kama mizizi. Tumia kopo lenye kifuniko cha kubana na vile vipakiti vya kunyonya maji. Na upepo wa kusi ukivuma, futa chumvi jioni ileile.

Kwenye kompyuta, anza na faili ghafi, ile inayoandikwa RAW kwenye menyu ya kamera. Teremsha kwanza sehemu zinazowaka hadi manyoya yaonekane vizuri. Kisha zimisha kidogo nyuma kwa brashi pana yenye ukingo laini, ukiacha giza liingie hadi kwenye mgongo wa mnyama wenyewe, maana ule ukingo mweupe hutokea pale unapoogopa kumgusa. Ng'arisha jicho kidogo tu. Likianza kuonekana kama taa, rudi nusu ya njia. Ukitaka nyeusi na nyeupe, teremsha mwanga wa rangi ya kijani na majani mabichi yatazama bila kumgusa kuro. Kukaza ukali wa manyoya kufanye kwenye uso peke yake. Halafu funga, kalale, ifungue kesho. Asubuhi utaona kila ulichozidisha.

Kuna jambo moja sitalilegeza kwa mwanafunzi wangu yeyote. Kuzimisha, kung'arisha na kukata pembeni ni kazi yetu. Kumleta mnyama ambaye hakuwepo, au kumbandika kwenye machweo ya siku nyingine, ukakaa kimya, ni kumdanganya mtu aliyekuamini. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London iliinyang'anya ushindi picha moja ya mla mchwa wa Brazili baada ya wataalamu kuona kuwa huenda sana mnyama yule alikuwa wa kukaushwa. Mpigapicha alikanusha, lakini ushindi ulikwisha ondoka. Weka faili zako ghafi zote, ni shahidi wako.

Na kabla ya kuchapa, punguza mwanga wa kioo cha kompyuta. Niliwahi kuwapelekea hoteli moja picha sita kubwa ambazo kwangu ziling'aa, ukutani zikawa giza tupu, na nilizichapa upya kwa fedha yangu. Kamera ya piseli 6000 kwa 4000 inakupa karatasi ya inchi 20 kwa 13 kwa ubora wa piseli 300 kwa inchi. Ukikata nusu ya upana wa picha ili mnyama aonekane karibu, umebaki na inchi 10. Ndiyo maana nawaambia msogee kwa tumbo.

Mwezi unaelekea nusu. Alhamisi maji yatakuwa chini tangu saa kumi, nami nitakuwa Kaole upande wa mikoko, nimelala. Anayekuja aje na nguo za kuchafuka, na asitembee mbele ya ndege.