Gari Linachemsha: Uliza Kwanza Linachemsha Wapi

Vijana wengi wanaoanza gereji, gari la zamani likiletwa linachemsha, mkono wa kwanza unakwenda kwenye thermostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto. Inachomolewa, inatupwa, maji yanajazwa, mteja analipa. Baada ya wiki mbili karudi, na safari hii hedi, yaani kichwa cha injini, imeshapinda.

Kabla hujashika spana, muulize dereva: linachemsha ukiwa wapi? Akisema kwenye foleni, lakini barabara ikifunguka mshale wa joto unashuka wenyewe, anza na feni, kwa sababu gari likikimbia upepo wa barabarani unaifanyia feni kazi. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina kipimo chepesi: washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya swichi ya joto iliyoko kwenye njia ya maji. Feni ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni nzima, mshuku swichi yenyewe au waya wake. Kwa Hiace yenye feni ya klachi, inayozungushwa na injini yenyewe, zima injini ikiwa ya moto kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi kama pangaboi, klachi imekwisha. Ile tabia ya kuunga feni moja kwa moja izunguke muda wote mimi siipendi, inaficha ugonjwa tu.

Akisema foleni haina shida ila kupanda mlima Kitonga ndiko kunamshinda, hapo tazama mzunguko wa maji. Rejeta iliyolishwa maji ya kisima ya chumvi kwa miaka hujenga magadi ndani ya vijibomba hadi nusu yake haipitishi kitu. Ukiwa na kipimajoto cha bunduki, pitisha usoni kwa rejeta injini ikiwa ya moto: palipo baridi ghafla ndipo palipoziba. Chungulia pia katikati ya rejeta na kondensa ya AC, maana tope na wadudu hujazana pale na kwa mbele huwaoni. Kisha mwambie mwenzako akanyage mafuta huku ukiutazama mpira wa maji wa chini wa rejeta. Ukinywea, mpira umechoka au rejeta haipitishi. Wota pampu, inayosukuma maji, nayo inaweza kuwa haivuji hata tone, kumbe mapanga yake yameliwa na kutu.

Turudi kwenye thermostati. Katika injini nyingi za Toyota za zamani ina sahani mbili. Moja inafungua njia ya rejeta; nyingine, injini ikipata moto, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiichomoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ikiwa na moto wake uleule. Kama unaishuku, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni. Iliyoandikwa 82 inaanza kufunguka karibu na nyuzi hizo, na ikifika 95 iwe imefunguka walau milimita 8. Isipofunguka, weka mpya.

Mfuniko wa rejeta watu wanaudharau kwa sababu ni bei ndogo. Ulioandikwa 0.9 unashikilia presha inayofanya maji, ukiwa pwani, yachemke karibu nyuzi 118. Raba ikichoka, presha haipo, na mteja wako akifika Mbeya, kule juu milimani, maji yatachemka hata kabla ya nyuzi 95. Usiufungue injini ikiwa ya moto, hata bosi akikuharakisha.

Linalochemsha popote na kunywa maji bila tone chini, fikiria gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Asubuhi, injini baridi, fungua mfuniko, jaza, washa. Mapovu yakipanda mfululizo, au mpira wa juu ukiwa mgumu ndani ya dakika moja mfuniko ukiwa umefungwa, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo dawa ya kuziba matobo usimuuzie mtu. Hedi ishuke, iwekewe rula na ipimwe kabla ya gasketi mpya.

Ukimaliza kazi yoyote ya maji, toa hewa: hita kwenye moto, pua ya gari juu kidogo, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, minya mipira mpaka mapovu yaishe na feni iwake na kuzima yenyewe. Mwambie mteja akague maji kesho asubuhi kabla hajawasha. Yakiwa yamepungua kidogo ajaze. Yakipungua tena keshokutwa, alirudishe.