Radi ilipiga, kompyuta ya saiba ikanyamaza: niweke mazabodi gani?

SWALI: Habari fundi. Niko na saiba ndogo hapa Lurambi, Kakamega, wateja wangu ni wa kutaipu kazi za chuo na kufaili ushuru kwa KRA. Juzi jioni mvua ya radi ilinyesha, stima ikapotea ikarudi na kishindo, na tangu hapo Dell OptiPlex 9020 yangu, ile minitawa ya kusimama, haiwaki, hata feni haizunguki. Fundi mmoja wa town anasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, nimpe elfu nane aniwekee ingine mpya ya kawaida, eti ni ya kisasa zaidi. Nimpe? Na kazi za watu ziko ndani, zimeenda?

JIBU: Pole sana dada, na pesa usitoe bado. Stima ikirudi vile, mara nyingi kinachoungua kwanza ni paua saplai, kile kisanduku cha kugawa stima ndani ya kompyuta, na kwa hio Dell unaweza kuikagua mwenyewe. Angalia nyuma, karibu na pale waya ya stima inaingia, kuna kitufe kidogo na ka-taa kadogo kando yake. Weka stima, bonyeza. Kakiwaka kijani, saplai ni nzima. Kakikataa, toa stima kwa ukuta, fungua kasha, chomoa nyaya zote zinazotoka kwa saplai, rudisha stima ubonyeze tena. Kakiwaka sasa, basi kuna kitu huko ndani kinaikaba saplai na hapo ndio mazabodi inaanza kushukiwa, lakini kakikataa kabisa nunua saplai ya 9020 peke yake.

Tuseme ni mazabodi kweli. Hio ya kawaida usikubali. Bodi ya dukani inataka plagi kubwa ya pini 24 na saplai yako iko na ya pini 8, kitufe cha mbele cha kuwasha kina plagi ya Dell wenyewe, halafu prosesa yako ni ya kizazi cha 4, inakaa kwa soketi ya LGA1150 na ramu ni DDR3, kwa hivyo bodi ikiwa ya kisasa hivyo vyote havitaingia na utaitwa tena na tena kuongeza pesa. Nimeona watu wakimaliza akiba yao hivi na inaniuma.

Tafuta bodi ya 9020 ile ile, tena ya minitawa, kwa sababu bodi ya zile ndogo za kulala haiingiani. Ex-UK, zile mashine zilizotumika ng'ambo, zimejaa Kisumu na Nakuru, hukosi mtu ako na moja ya kutoa spea. Kabla ya kulipa mwambie aiwashe ubonyeze F2 uingie kwa seting za bodi, ikiitisha neno la siri wachana nayo, na umulike tochi kwa soketi uone vile vipini vyembamba kama nywele hakuna kimepinda. Leseni ya Windows isikusumbue sana, kwa mashine zilizotoka kiwandani na Windows 8 kwenda juu ufunguo unakaa ndani ya bodi yenyewe, kwa hivyo bodi kama hio inakuja na wake.

Kazi za wateja ziko kwa diski, si kwa bodi, na kama radi haikuifikia ziko salama. Lakini skiza hapa vizuri: ukishaweka bodi, Windows inaweza kuanza halafu ilete skrini ya buluu, na fundi aseme diski imekufa tufomati. Mkatalie! Ingia F2, kwa sehemu ya diski kuna RAID na AHCI, njia mbili za bodi kuongea na diski, ile bodi ya zamani pengine ilikuwa kwa moja na hii iko kwa ingine. Badilisha, sevu, washa tena.

Na mvua ikianza kunguruma chomoa waya ya stima, na ile ya intaneti pia, radi inapitia hapo wengi wakiwa wamechomoa stima tu.