Mama anaona watoto chumbani: maswali yenu kuhusu dimenshia ya Lewy

Mama ana miaka 71. Jioni anasema kuna watoto wamekaa kwenye kochi, tuwape chakula. Lakini wajukuu wote anawajua kwa majina. Majirani wanasema ni majini. (Binti, Tanga)

Pole sana, dada. Kabla ya kwenda kwa mganga, mpelekeni hospitali. Unayoyaeleza yanafanana na dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha akili) ya miili ya Lewy, iliyopewa jina la Friedrich Lewy, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1912 hiyo "miili", yaani vijibonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya seli za ubongo. Wengi tumezoea kwamba dimenshia ni kusahau. Hii huweza kuanza na maruweruwe huku kumbukumbu bado ni nzuri: mgonjwa anaona watoto au wanyama waziwazi, mara nyingi wametulia tu. Msibishane naye. Kama hawamtishi, muulizeni wanafanya nini, kisha washeni taa na ondoeni koti linaloning'inia mlangoni, maana kivuli chake hugeuka mtu. Macho yapimwe, na mkojo pia, kwani maambukizi humfanya mzee aweweseke ghafla.

Asubuhi baba anapiga hesabu za duka bila kukosea, mchana hajui yuko wapi. Ndugu zangu wanasema anajifanya. (Mombasa)

Hajifanyi, na naomba uwasomee ndugu zako jibu hili. Kupanda na kushuka namna hiyo, hata ndani ya siku moja, ni dalili kubwa ya ugonjwa huu. Mrekodi kwa simu akiwa amechanganyikiwa. Daktari akimkuta kwenye saa yake nzuri ataona mzee mzima kabisa. Muulize mama yako pia kama baba hupiga kelele na kurusha mateke usingizini. Dalili hiyo huweza kutangulia kwa miaka mingi, na anayeijua ni anayelala naye. Semeni pia kama anatembea kwa hatua fupi au anapata kizunguzungu akisimama.

Babu alikuwa anaona vitu, akachomwa sindano ya kumtuliza. Sasa amekakamaa na kumeza hawezi. (Mjukuu, Morogoro)

Mrudisheni hospitali leo hii, msimpe chakula wala maji kwa mdomo, na mtaje jina la sindano. Mgonjwa wa Lewy akipewa dawa kama haloperidol anaweza kukakamaa, kupoteza fahamu, hata kufa. Dawa hiyo hutumika sana kwa wagonjwa wanaoona wasivyoviona wengine, kwa hiyo familia isikae kimya. Semeni wazi: "Daktari, tunahofia ni Lewy, haloperidol tunaiogopa." Muandike hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kliniki, ili hata daktari wa zamu ya usiku aione.

Baba aliambiwa ana Parkinson. Inawezekana ni hii? Nasi watoto tutairithi? (Nairobi)

Inawezekana, kwa kuwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa mwili, ni ndugu wa huu. Mchekeshaji wa Marekani Robin Williams aliambiwa ana Parkinson; miili ya Lewy ilijulikana alipochunguzwa baada ya kufariki Agosti 2014. Kurithi ni nadra. Dawa ya kuponya haipo, ila rivastigmine au donepezil huwasaidia baadhi ya wagonjwa kutulia na kufikiri vizuri zaidi. Dawa za Parkinson hulegeza mwili lakini huweza kuongeza maruweruwe, kwa hiyo baba akianza kuona watu, msizikatishe wenyewe. Rudini kwa daktari azipange upya.