Aliyeongoza kwa kura akashindwa: namba za karatasi ya kura Australia zinahesabiwaje?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi North Melbourne. Nimepata uraia wa Australia, na Mei 2025 nilipiga kura hapa kwa mara ya kwanza. Namba 1 nilimpa Adam Bandt, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Greens. Usiku ule runinga ilionyesha anaongoza. Siku chache baadaye nasikia amekubali kushindwa na Sarah Witty wa Labor, aliyekuwa nyuma yake. Kwetu jambo kama hilo lingefika mahakamani. Kura yangu ilikwenda wapi? Na ile namba niliyolazimika kumwekea mtu nisiyemtaka hata kumwona, si nimempigia kura? Mlangoni mtu wa chama alinipa kadi inayoonyesha namba za kuandika, je, ni lazima niifuate? Halafu, kwa nini tunapewa penseli?

JIBU: Kura yako haikwenda popote, dada. Ilikaa kwenye rundo la Bandt tangu masanduku yalipofunguliwa saa 12 jioni hadi hesabu ya mwisho. Namba 2, 3 na nyingine ulizojipinda kuziandika zilitazamwa tu kuona karatasi imejazwa sawa; hazikumpa mtu kura. Kura zilizotembea ni za majirani zako waliowachagua wengine.

Nimekaa kwenye meza za kuhesabu kura katika chaguzi kadhaa za nchi hii, na swali hili huniandama kila baada ya uchaguzi. Kosa la kwanza liko kwenye tafsiri. Nimesikia watu wakiuita mfumo huu “kura za upendeleo”. Ukimwambia hivyo mtu aliyekulia Afrika Mashariki, ameshajua mshindi ni mjomba wa nani. Mimi huita kura ya mpangilio: unawapanga wagombea wote, kuanzia unayemtaka zaidi hadi unayemtaka kidogo kuliko wote.

Fikiria unamtuma mtoto sokoni na noti moja. Unamwambia: leta samaki aina ya changu, ukikosa changu, chukua dagaa, ukikosa dagaa, basi maharage. Mtoto hatarudi na vitu vitatu. Atarudi na kimoja, na akikuta changu mezani kwa muuzaji, hayo mengine uliyomwambia hayana kazi. Wewe mwanao alikuta changu.

Sasa tuingie jimbo lako la uchaguzi, Melbourne. Katika kura za namba 1, Bandt alipata karibu asilimia 39, Witty karibu asilimia 31, mgombea wa chama cha Liberal karibu 20, na zilizobaki wakagawana wadogo. Kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi, yaani baraza la chini la bunge la shirikisho, kuongoza hakutoshi. Lazima uvuke nusu. Kwenu Kenya mnaijua kanuni hiyo kwenye urais: mgombea asipofikisha asilimia 50 na kura moja, mnarudi vituoni kwa raundi ya pili. Australia nayo ina raundi ya pili, ya tatu, hata ya saba, ila zote zimo ndani ya karatasi ile ile ya kijani uliyoijaza siku moja.

Anayeshika mkia anatolewa. Makarani wanachukua rundo lake, wanaangalia kila karatasi ina namba 2 kwa nani, na kuipeleka huko ikiwa na thamani ile ile ya kura moja kamili. Wakimaliza wanamtoa anayefuata, hivyo hivyo hadi wabaki wawili. Ikiwa namba 2 ya karatasi ni ya mtu aliyekwisha kutolewa, wanaruka hadi namba inayofuata ya mgombea aliye hai. Katika Melbourne, mgombea wa Liberal alipotoka, wapiga kura wake wengi walikuwa wamemweka Labor juu ya Greens. Kama robo tatu ya kura zote zilizogawanywa zilimwendea Witty. Mwisho wa safari alikuwa na asilimia 53 na Bandt 47. Bandt aliyasoma majira mapema, akakubali kushindwa Alhamisi ya tarehe 8 Mei, siku tano baada ya uchaguzi.

Uliyoyaona kwenye runinga yalikuwa ya kweli, ila ni hesabu ya namba 1. Usiku huo huo Tume ya Uchaguzi hufanya hesabu nyingine ya haraka: inachagua mapema wagombea wawili inaotarajia watabaki mwisho, na makarani wanapitia kura za wengine wote kuona nani kati ya hao wawili amepewa namba ndogo. Ukitaka kulala ukiwa na picha sahihi, tazama hesabu hiyo. Mara chache Tume hukisia vibaya wale wawili, kazi ikaanza upya, nasi makarani tukaongezewa siku.

Kabla hujamlilia Bandt, sikiliza alivyoingia. Mwaka 2010, jimbo hilo hilo, Labor ndiye aliyeongoza kwa namba 1 akiwa na asilimia 38, Bandt akafuata na 36, Liberal 21. Liberal akatolewa, kadi zake zikiwa zimewashauri wafuasi wamweke Greens mbele ya Labor, na Bandt akapaa hadi asilimia 56. Alikuwa wa kwanza wa chama chake kushinda kiti cha Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi mkuu. Mlango aliotokea ni ule ule alioingilia, na waliomfungulia mara zote mbili ni watu wa Liberal.

Kuhusu yule usiyemtaka kumwona. Namba 7, ya mwisho, uliyompa ni kumwambia mtoto: kama soko zima limefungwa na kilichobaki ni hiki, basi. Kura yako ingemfikia tu kama wote uliowaweka juu yake wametolewa, na hilo haliwezekani, kwa sababu hesabu inakoma wakibaki wawili, na wa mwisho kwenye orodha yako akiwa mmoja wao, yule mwingine lazima yuko juu yake. Mtu wa mwisho kwenye karatasi yako hawezi kupata kura yako kwa vyovyote vile. Watu wengi hawaamini hadi nimewachorea.

Kinachoweza kukuumiza ni kumwacha bila namba. Katika uchaguzi wa shirikisho karatasi ya kijani inatakiwa ijazwe kisanduku kwa kisanduku, 1 hadi mwisho, bila kurudia wala kuruka. Ukiacha kimoja tu cha mwisho, sheria inakusamehe. Ukiandika 1 peke yake, au ukatia tiki kama tulivyozoea nyumbani, kura imeharibika. Hapa ndipo wageni tunaumia. Kwa nchi nzima kura zinazoharibika huwa kama asilimia 5, lakini majimbo ya magharibi mwa Sydney yenye wahamiaji wengi, kama Fowler, yamewahi kuvuka 10. Lugha ni sehemu ya sababu, ila kuna nyingine ninayoiona ni uzembe wa watunga sheria: bunge la New South Wales, jimbo la utawala lenye jiji la Sydney, huchaguliwa kwa utaratibu unaoruhusu kuandika 1 tu ukaondoka. Mama mmoja anafundishwa kanuni moja mwaka huu, mwaka ujao inamharibia kura. Kwenu Victoria, jimbo la utawala lenye jiji la Melbourne, angalau baraza la chini la bunge lake linataka visanduku vyote, kwa hiyo zoea hilo. Ukikosea, usifute wala usione haya. Rudisha karatasi, utapewa nyingine.

Karatasi kubwa nyeupe ni ya Seneti, baraza la juu la bunge la shirikisho, na kanuni yake ni tofauti. Andika angalau 1 hadi 6 juu ya mstari kwa vyama, au angalau 1 hadi 12 chini ya mstari kwa watu. Yatosha.

Utaratibu huu wote haukushuka kutoka kwa wanafalsafa. Oktoba 1918 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa jimbo la Swan, Australia Magharibi. Wakulima walisimamisha mtu wao, chama tawala cha Nationalist kikasimamisha wake. Wawili hao wakagawana kura za upande mmoja, karibu asilimia 31 na 30, na kijana wa Labor mwenye miaka 22, Edwin Corboy, akapita katikati yao na asilimia 34. Serikali ya waziri mkuu Billy Hughes ilishtuka. Kabla mwaka haujaisha kura ya mpangilio ilikuwa sheria, ili vyama viwili vinavyoelewana visiuane tena. Walijitengenezea wao. Leo anayevuna zaidi ni Labor: mwaka 2025 ilipata chini ya asilimia 35 ya namba 1 nchi nzima, ikaondoka na viti 94 kati ya 150, huku Greens, wenye asilimia 12 hivi, wakibaki na kiti kimoja. Kwa maoni yangu mfumo huu hauzawadii anayependwa sana. Unamzawadia anayevumilika na wengi, na Bandt mwaka 2025 alikuwa na wapenzi wengi na wavumilivu wachache. Unaweza kuliona hilo kama busara au kama ubaridi. Mimi nimekulia kwenye “wengi wape”, na bado nabishana na nafsi yangu.

Kadi ya mlangoni ni ushauri wa chama tu. Ukitaka ifuate, ukitaka iache kwenye pipa karibu na wanaochoma soseji. Namba unaziamua wewe, chama hakina mkono ndani ya karatasi ya kijani. Lakini usiichukue kadi kama njia ya kumaliza kazi haraka halafu ukaisahau, ukaishia kuandika 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini bila kusoma. Wenyeji wana jina la hiyo: kura ya punda. Ni halali kabisa, na ndiyo maana nafasi za wagombea kwenye karatasi hupangwa kwa kura ya bahati, ili asiwepo wa kuupanga mzigo wa punda huyo.

Na penseli? Haikauki wino ikikaa ghalani miaka mitatu, huchongeka, na ni bei rahisi. Karatasi zikishatumbukizwa hazifikiwi bila mashahidi wa vyama kuwa pembeni wakikodoa macho. Roho yako ikikataa, njoo na kalamu yako ya wino mkobani. Inaruhusiwa.